Louis Armstrong, Aliyeanza kwa Kupiga Tari

Wengi wetu tumepata kuisikia sauti ya Louis Armstrong katika redio, ile sauti ya mkwaruzo kama ya mtu aliyeshikwa na mafua, na wengine wameisikia tarumbeta yake. Alikuwa mpigaji mashuhuri sana wa muziki uitwao jazi, na alipofariki mwaka 1971 habari za kifo chake zilitangazwa katika nchi nyingi za dunia. Lakini katika makala haya sitaki kukaa sana katika sifa zake za ukubwani. Nataka kueleza jinsi alivyoingia katika bendi ya watoto akiwa mwanafunzi mpya kabisa, maana mimi ni mpiga ngoma kubwa katika bendi yetu hapa shuleni, na muhula huu nimeona jambo lililonifanya nimtafute katika vitabu.

Watoto kumi na wawili wa Kidato cha Kwanza walijiandikisha katika bendi. Wote walitaka tarumbeta. Tarumbeta tulizo nazo ni tatu, na moja kibonyezo chake hukwama mpaka kipakwe mafuta. Basi wageni wetu walipewa matuazi na ngoma ndogo, na kabla ya mwezi kwisha watano walikuwa wamekwisha kwenda zao kwenye mpira. Wale saba waliobaki ndio ninaowaandikia hasa, ingawa hao watano pia wakisoma nitafurahi.

Louis alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Yeye mwenyewe maisha yake yote alisema kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, ambayo ni siku ya sikukuu ya taifa lao. Tarehe ya kweli ilipatikana miaka kadhaa baada ya kufa kwake, katika daftari la ubatizo la kanisa moja mjini humo. Mama yake, Mary Ann, ambaye watu walimwita Mayann, alikuwa msichana mdogo alipomzaa. Baba yake, William, aliwaacha mapema akaenda kukaa na mwanamke mwingine. Bibi yake, mama wa baba yake, ndiye aliyemlea hata alipofika umri wa miaka mitano hivi, kisha akarudi kwa mama yake na dada yake mdogo aitwaye Beatrice. Walikaa katika mtaa wa watu maskini sana, uliojaa vilabu vya pombe, nyumba za kamari na ugomvi usiokwisha. Tena zilikuwa zamani za sheria za ubaguzi: watu weusi shule zao, watu weupe zao, na hata katika magari ya abiria viti vilitengwa.

Lakini mtaa ule ulikuwa na muziki kupita mitaa mingi ya dunia. Bendi za tarumbeta zilipita njiani katika sherehe, na hata katika maziko. Wakati wa kumpeleka maiti makaburini bendi ilipiga polepole na kwa huzuni. Watu wakisha kuzika, wakati wa kurudi ilipiga kwa kasi na uchangamfu, na watoto wakafuata nyuma wakicheza. Louis alikuwa mmoja wa watoto hao. Alifanya kazi pia kwa Wayahudi waliotoka Lithuania, jamaa ya Karnofsky, akizunguka nao katika gari la farasi kununua vitambaa vikuukuu na chupa, na kuuza makaa ya mawe. Aliandika mwenyewe uzeeni, mwaka 1969, kuwa katika gari hilo alikuwa na kijitarumbeta cha bati cha kuwaita wateja, na kuwa jamaa hao walimsaidia kwa fedha akanunua korneti kuukuu katika duka la rehani kwa dola 5. Hakusahau wema wao hata siku moja. (Korneti, kwa wasioijua, ni ndugu wa tarumbeta: ina vibonyezo vitatu kama yake, lakini ni fupi na sauti yake ni laini zaidi.)

Pamoja na hayo, yeye na wenzake watatu walifanya kikundi cha waimbaji wanne. Waliimba njiani, mmoja sauti ya juu, mmoja ya chini na wengine katikati, kisha wakapitisha kofia. Naomba msomaji alishike jambo hili la kuimba, maana litarudi mbele.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1912 watu wa New Orleans walikuwa wakiukaribisha mwaka mpya kwa fataki na milio ya bunduki, kama ilivyokuwa desturi yao. Louis alitoka na bastola aliyoitoa katika sanduku nyumbani, akapiga hewani. Polisi alikuwa nyuma yake. Akakamatwa, akalala mahabusu, na kesho yake, tarehe 1 Januari 1913, mahakama ya watoto ikampeleka katika nyumba ya kurekebisha tabia za watoto weusi, iliyoitwa Colored Waif's Home. Alikuwa na umri wa miaka 11. Hakuambiwa atakaa muda gani. Mtoto alikaa huko mpaka wakubwa waone inafaa kumtoa, na kutojua huko nadhani ni adhabu kuliko adhabu yenyewe.

Mkuu wa nyumba ile alikuwa Kapteni Joseph Jones, mtu mweusi aliyekuwa askari wa farasi zamani, pamoja na mke wake. Mambo yote yalikwenda kijeshi. Watoto waliamka kwa buruji, wakala kwa buruji, wakalala kwa buruji. Walifanya gwaride kwa bunduki za mbao. Walisugua sakafu, wakalima bustani, wakajifunza useremala. Siku za kwanza Louis alikataa chakula kwa sababu ya kumlilia mama yake, hata njaa ilipomshinda akala maharage kama wenzake.

Nyumba hiyo ilikuwa na bendi, na mwalimu wake alikuwa Bwana Peter Davis. Louis aliitazama bendi ile ikifanya mazoezi akaitamani kwa moyo wote. Lakini Bwana Davis hakumtaka. Alijua mtaa aliotoka, na aliamini kuwa mtoto wa mtaa ule lazima awe mtukutu. Kwa hiyo alimwangalia kwa jicho kali, na makosa madogo ya Louis yalipata viboko vikubwa. Louis aliandika baadaye kuwa alimwogopa mwalimu huyu. Alikwenda mazoezini akakaa kimya pembeni, akasikiliza, akaondoka. Hakuomba.

Hapa nasema maoni yangu. Watu wengi wakiisimulia habari hii hupita mbio mpaka mahali anapopewa korneti, kana kwamba majuma yale ya kukaa pembeni hayakuwa kitu. Mimi naona ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote. Mtoto wa miaka 11, amefungwa, hajui atatoka lini, na kitu kimoja tu anachokipenda mahali pale kiko mikononi mwa mtu asiyempenda. Angeweza kukasirika. Angeweza kusema bendi ni upuuzi. Yeye alirudi kila mara kusikiliza.

Polepole Bwana Davis alimwona. Jioni moja wakati wa chakula alimjia akamwuliza kama angependa kuingia katika bendi. Louis alishikwa na bumbuazi hata mwalimu akalazimika kurudia swali. Akanawa upesi akakimbilia mazoezini, moyo wake ukiwa juu ya korneti. Bwana Davis akampa tari.

Naam, tari, lile ambalo sisi huliona katika kaswida na ngoma za harusi, lenye vibati vya kulia pembeni. Louis anakiri kuwa hakulitazamia. Lakini bendi ilipoanza akalipiga sawasawa na mwendo wa wimbo, bila kukosa, na Bwana Davis akashangaa, akampandisha siku ile ile kwenye ngoma. Mimi kama mpiga ngoma nafurahi sana kufika hapa. Watu hudhani ngoma ni kazi ya asiyejua muziki. Ukweli ni kuwa mpiga tarumbeta akikosea, kosa ni lake. Mpiga ngoma akikosea, bendi nzima huanguka naye. Tari na ngoma vilimfundisha Louis wakati, yaani kujua pigo linalokuja kabla halijaja. Wataalamu wa muziki wanapoeleza kwa nini alikuwa tofauti na wapigaji wengine wa siku zake, hutaja kwanza jinsi alivyoshika wakati: aliweza kuchelewesha sauti kidogo au kuiwahisha, na bado akafika mahali pake barabara.

Kisha ikahitajika mpiga alto. Hiyo ni tarumbeta ya sauti ya katikati, ambayo mara nyingi haipigi wimbo wenyewe, bali hujaza chini yake. Ni chombo ambacho mtoto akirudi nyumbani hawezi kumpigia mama yake wimbo wowote akaujua. Lakini Louis alikumbuka kikundi chake cha waimbaji wanne. Aliona kuwa alto katika bendi ni kama sauti ya kati katika uimbaji: unasikiliza wimbo unakokwenda, kisha unatafuta sauti inayopatana nao. Sikio lake lilikuwa limezoea kazi hiyo njiani, kwa hiyo akaimudu mara moja.

Baadaye mtoto aliyekuwa akipiga buruji alichukuliwa na wazazi wake, na Louis akapewa buruji. Alikuta imekuwa chafu na imeota kutu ya kijani. Aliisugua mpaka ikang'aa, na wenzake wakapiga makofi. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeamsha nyumba nzima na kuiita chakulani, na anasema watoto walizipenda sauti zake kuliko zile za mpigaji wa kwanza.

Nieleze kidogo juu ya chombo hiki, kwa faida ya wageni wetu saba. Buruji haina kibonyezo hata kimoja. Sauti zote zinatoka katika midomo: mpigaji anaifunga midomo yake, anapuliza hewa ipite katikati yake kwa kuitetemesha, na akikaza zaidi sauti hupanda, akilegeza hushuka. Haiwezi kutoa sauti zote za muziki, hutoa chache tu zilizopangwa na urefu wa bomba lenyewe. Anayepiga buruji kila siku, asubuhi, mchana na jioni, anaijenga midomo yake kama mkulima anavyoijenga mikono. Korneti ni kazi ile ile ya midomo, pamoja na vibonyezo vitatu vinavyorefusha njia ya hewa ili kuzipata sauti zilizokosekana. Kwa hiyo Bwana Davis alipompa Louis korneti mwishowe, alimpa kitu ambacho midomo yake, sikio lake na mikono yake vilikuwa vimekwisha kuandaliwa kwa zamu. Wimbo wa kwanza aliomfundisha ulikuwa Home, Sweet Home, wimbo wa kukumbuka nyumbani. Louis anasema furaha yake siku hiyo haikuwa na kifani.

Haikupita muda mrefu akafanywa kiongozi wa bendi.

Bendi ile ilialikwa kupiga mjini, katika matembezi ya vyama na siku za sherehe. Watoto walitembea mwendo mrefu wakipuliza, na walifurahi, maana ilikuwa nafasi yao ya kutoka nje. Siku moja bendi ikapita katika mtaa wa akina Louis mwenyewe, naye yuko mbele na korneti yake, amevaa mavazi ya kiongozi. Watu wa mtaa ule, wacheza kamari, walevi, wanawake wa barabarani, wale ambao kwa ajili yao Bwana Davis alimchukia mtoto huyu tangu mwanzo, walitoka milangoni wakamtambua. Wengine walikimbia kumwamsha Mayann aje kumwona mwanawe. Wakamwuliza Bwana Davis kama wanaruhusiwa kuwapa watoto fedha. Akakubali. Fedha zilijaza kofia kadhaa, nazo zilitosha kununua mavazi mapya na vyombo vipya kwa bendi nzima.

Najua wako wazazi wetu wanaosema bendi inawapotezea watoto muda wa masomo, na sisemi hawana sababu. Mitihani yetu haisahihishwi kwa ngoma. Lakini ningependa wamfikirie Mayann siku ile, ameamshwa usingizini, anasimama mlangoni.

Louis alitolewa tarehe 16 Juni 1914, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Alikwenda kwa baba yake, kisha akarudi kwa mama yake. Hakuwa na chombo chake mwenyewe. Mchana aliendesha gari la nyumbu la kupeleka makaa ya mawe, usiku alipiga katika vilabu kwa korneti za kuazima. Mpigaji mkubwa wa mji ule, Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, alimpenda akamfundisha, akampa korneti yake moja kuukuu. Oliver alipohamia Chicago mwaka 1918, Louis aliichukua nafasi yake katika bendi ya Kid Ory. Kisha akapiga katika meli za abiria za mto Mississippi, chini ya Fate Marable, na huko ndiko alikojifunza hasa kusoma muziki ulioandikwa. Watoto wanaodhani wamechelewa kwa kuwa hawajui kusoma nota waone hapo: alikuwa amekwisha kuwa mpigaji wa kulipwa.

Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago. Na alimwita awe nani? Mpiga korneti wa pili. Yule aliyekuwa kiongozi wa bendi utotoni alikwenda akasimama kando ya mwalimu wake, akapiga sauti ya chini ya wimbo, kama alivyopiga alto zamani. Wote wawili waliweza kubuni maneno ya tarumbeta papo hapo yakapatana, na wapigaji wengine wa Chicago walikuja kusikiliza wasijue wanafanyaje. Mwaka 1923 bendi hiyo ilitia nyimbo katika sahani za santuri huko Richmond, Indiana. Siku hizo hapakuwa na maikrofoni. Wote walipigia pembe moja kubwa, na husimuliwa kuwa Louis aliwekwa mbali nyuma ya wenzake kwa sababu ya nguvu za pumzi zake.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Mwaka 1924 alimwoa Lil Hardin, mpiga piano wa bendi ile, ambaye ndiye aliyemhimiza asiendelee kuwa wa pili. Kati ya mwaka 1925 na 1928 alitoa sahani pamoja na vikundi vyake vya Hot Five na Hot Seven, ambazo hata leo wanafunzi wa jazi huzichambua sauti kwa sauti. Mashuhuri kati yake ni West End Blues ya mwaka 1928. Alisafiri Ulaya. Mwaka 1956 alifika Ghana, na mwaka 1960 alifika Kongo, wakati wa machafuko, akapiga Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mji ambao wenyeji wake husema Kiswahili kama sisi. Kule Leopoldville walimbeba juu ya kiti kama mfalme. Na watu waliosema kuwa alikuwa mtu wa kuchekesha wazungu tu wakumbuke mwaka 1957: watoto weusi walipozuiwa kuingia shule ya Little Rock, aliilaumu serikali ya nchi yake waziwazi, akakataa safari aliyopangiwa kwenda Urusi kwa niaba yake.

Nirudi kwenye nyumba ile ya watoto. Mwaka 1931, akiwa amekwisha kuwa mtu mkubwa, Louis alirudi New Orleans mara ya kwanza tangu alipohamia Chicago. Mahali alipopiga, mtangazaji wa redio, ambaye alikuwa mzungu, alikataa kulitaja jina lake mbele ya watu kwa sababu ya rangi yake, naye akajitangaza mwenyewe. Katika safari hiyo hiyo alikwenda kuitembelea Waif's Home. Kapteni Jones alikuwapo bado. Bwana Davis alikuwapo bado. Wakapiga picha pamoja na watoto wa bendi ya wakati huo.

Baadaye ikapita miaka mingi asipige katika mji wake. Bendi yake ilikuwa na watu weusi na weupe, na sheria ya Louisiana ya mwaka 1956 ilikataza watu wa rangi mbili kupiga pamoja. Sheria za namna hiyo zilipoondolewa, Louis alirudi, mwezi wa Oktoba 1965, mwenye umri wa miaka 64, midomo yake imejaa makovu ya kazi ya miaka hamsini. Alikutana tena na Bwana Davis, aliyekuwa mzee sana. Alionyeshwa pia korneti kuukuu iliyosemwa kuwa ndiyo ile ya Waif's Home, na husimuliwa kuwa aliitambua kwa alama ndogo ambazo yeye mwenyewe alizichonga kwa tupa pale pa kuwekea kinywa, ili midomo yake ya kitoto isiteleze.